Kutoka Darasani Hadi Zamu ya Meli: Utaratibu wa Kupata Cheti cha Ofisa wa Meli za Biashara

DAR ES SALAAM – Kijana aliyehitimu masomo ya uongozaji meli bado si ofisa wa meli. Kati ya stashahada yake na cheti cha umahiri kuna utumishi wa baharini usiopungua miezi 12, na mwanafunzi asiyeupanga mapema anaweza kubaki na karatasi mkononi huku akizitazama meli zikiingia na kutoka bandarini. Wazazi na walezi wa Temeke, Kinondoni na kwingineko wanaofikiria kumpeleka kijana katika fani hii wanapaswa kulielewa jambo hilo kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Mafunzo hayo hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI), kilichopo Barabara ya Sokoine, jirani na bandari. Chuo kilianza mwaka 1978 kikiwa kitengo cha mafunzo ya mabaharia, kisha kikawa taasisi inayojitegemea kwa Sheria Na. 22 ya mwaka 1991. Mwaka huohuo wa 1978 mataifa yalipitisha jijini London Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji wa Vyeti na Ulinzi wa Zamu kwa Mabaharia, maarufu kwa kifupi STCW. Mkataba huo, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mwaka 2010 mjini Manila, ndio unaoweka masharti ya nani asimame zamu melini. Chuo hufundisha, cheti cha umahiri kwa Tanzania Bara hutolewa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa upande wa Zanzibar, msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA).

Ofisa mwanafunzi, yaani kadeti, huchagua sitaha au injini. Kabla ya kupanda meli hupata mafunzo ya msingi ya kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama binafsi, pamoja na uelewa wa ulinzi wa meli. Hupimwa afya pia, na cheti chake hudumu kwa muda usiozidi miaka miwili. Kwa kadeti wa sitaha kipimo cha macho kina uzito wa pekee: usiku, ofisa hutambua mwelekeo wa chombo kingine kwa taa nyekundu, kijani na nyeupe. Asiyeweza kutofautisha rangi hizo hawezi kukabidhiwa zamu, hata awe hodari wa Hisabati na Fizikia kiasi gani. Ni busara kipimo hicho kifanyike kabla ya udahili.

Miezi 12 ya baharini ina masharti yake. Ni lazima iwe sehemu ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, na kazi zote ziandikwe katika daftari la kumbukumbu za mafunzo na kuthibitishwa na maofisa wa meli. Angalau miezi 6 kadeti wa sitaha awe katika zamu za chumba cha kuongozea meli, chini ya usimamizi wa nahodha au ofisa mwenye sifa. Mwenzake wa injini huunganisha kazi za karakana na za melini kutimiza miezi 12, na miezi 6 kati ya hiyo huwa zamu katika chumba cha mitambo. Asiyekuwa na mpango ulioidhinishwa wala daftari lililokamilika hudaiwa miezi 36. Kwa maneno mengine, uzembe wa kukusanya saini unaweza kumgharimu kijana miaka miwili ya maisha yake.

Si kila chombo kinahesabika. STCW huhusu meli za baharini, na huziacha nje zile zinazotembea katika maji ya ndani au ndani ya eneo la bandari pekee. Hivyo miezi iliyotumika katika kivuko cha Magogoni–Kigamboni, au katika meli za Ziwa Victoria na Tanganyika, haijazi hesabu hiyo, ingawa kazi zenyewe ni za heshima na zina vyeti vyake.

Ugumu wa kupata nafasi melini ndio unaowapa mwanya matapeli. Tanzania iliridhia mwaka 2019 Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaokataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama ambazo mkataba unaruhusu zibebwe na baharia ni za cheti cha afya kinachotakiwa kisheria, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayeombwa malipo ili "awekewe jina" melini asitoe fedha, na apeleke taarifa TASAC. Mkataba huo pia unadai ajira ya maandishi, na mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Kadeti anayefanya kazi melini hakosi haki hizo kwa kuitwa mwanafunzi.

Baada ya kutimiza muda na kufaulu mtihani wa umahiri, kadeti wa sitaha hupewa cheti cha ofisa wa zamu kwa meli za ukubwa wa tani 500 za ujazo na kuendelea. Akiwa na sifa hiyo huhitaji miezi 36 mingine baharini kabla ya kutahiniwa unahodha wa meli kubwa, au 24 iwapo angalau 12 ameitumikia akiwa ofisa mkuu wa sitaha. Kabla ya kusaini mkataba katika meli yenye bendera ya nchi nyingine, mhitimu anatakiwa kuthibitisha TASAC iwapo nchi hiyo inakitambua cheti cha Tanzania, kwa kuwa kibali cha utambuzi hutolewa na nchi ya bendera.