Angalikuwa Mshairi: Asili ya Kivumishi Manqué na Tatizo la Kukifasiri

Miongoni mwa vivumishi ambavyo Kiingereza kilivikopa kutoka Kifaransa katika karne ya 18, kimo manqué. Hutumika kumweleza mtu aliyekuwa na kipawa cha kuwa mshairi, mwigizaji au mwanazuoni, lakini asiwe. Vivumishi vya Kiingereza kwa kawaida hutangulia nomino. Hiki huifuata, kwa desturi ya Kifaransa, na kwa sadfa kwa desturi ya Kiswahili pia.

Asili yake ni ya mbali. Katika Kilatini, mancus ni mtu aliyelemaa, hasa mkono. Kitaliano kikazaa mancare, yaani kupungukiwa. Wafaransa wakalichukua neno hilo, likawa manquer. Toka kilema cha mkono, maana ikafikia kukosa shabaha, kukosa kitu, na kukosa kutimia.

Mfasiri atafurahi kuona kwamba kitenzi chetu kukosa kinakaribia upana huo: mwindaji hukosa windo, maskini hukosa chakula. Lakini kukosa ni kutenda kosa pia. Tukiandika "mshairi aliyekosa", msomaji atauliza amemkosea nani. Tukiandika "mshairi aliyeshindwa", tumemhukumu mtu ambaye huenda hakupata hata nafasi ya kujaribu.

Rai yetu ni kwamba jawabu limo katika kitenzi, si katika kivumishi. "Angalikuwa mshairi" hutaja kipawa, na hutaja kwamba wakati umepita. Kwa yule ambaye mlango wake haujafungwa, twasema "angekuwa". Sarufi za mapokeo zilitenga -nge- na -ngali- kwa njia hii. Leo wasemaji wengi huzichanganya, na hapo hupotea tofauti baina ya tumaini na majuto.

Zaidi ya hayo, usemi huu haujitoshelezi. Asikiaye "angalikuwa mshairi" hungoja sharti lake: lau angalisoma, lau asingalifungwa, lau angaliishi. Kivumishi cha Kiingereza humbandika mtu jina na kuinyamazia sababu. Kiswahili humdai mwandishi aitaje. Kwa hiyo mfasiri wa wasifu wa mtu, kabla ya kulifasiri neno hili moja, hana budi kuchunguza ni nini kilichomzuia mtu huyo.