Siku Ambayo Waungwana Hawakufika

Kumbukumbu za mwisho za Klabu ya Hambledon, klabu ya kriketi ya kijiji kimoja cha Hampshire, kusini mwa Uingereza, ni za Septemba 1796. Mwandishi wa daftari alirekodi jambo moja tu: hapakuwa na waungwana. Hakuna mkutano mwingine ulioandikwa baada ya huo.

Neno hilo, likifasiriwa hivyo, lina uzito wake kwa msomaji wa Kiswahili. Katika miji ya pwani uungwana ulikuwa hadhi kabla ya kuwa tabia. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba na mji wake, na adabu ilihesabiwa kuwa alama ya hadhi hiyo. Waungwana wa Hambledon nao walikuwa tabaka: malodi, wenye mashamba makubwa, makasisi, maofisa wa jeshi la majini. Hao ndio waliokuwa wanachama. Waliocheza, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wengine, tena waliolipwa kwa kucheza. Tofauti hii husahauliwa kila Hambledon inapotajwa kuwa klabu ya kijiji.

Husahauliwa pia kwamba mchezo wenyewe haukuzaliwa hapo, ingawa kijiji hicho kimepewa sifa ya kuwa kitovu chake. Katika kesi ya ardhi iliyosikilizwa Guildford mwishoni mwa karne ya 16, shahidi mmoja mzee alikumbuka kucheza kriketi utotoni, yaani takriban miaka 200 kabla ya Hambledon kuvuma. Kilichozaliwa Hambledon ni ustadi, na ustadi huo ulikuwa wa mafundi. Richard Nyren, nahodha, alikuwa mwenye nyumba ya wageni ya Bat and Ball, mkabala na uwanja wa Broadhalfpenny Down. Tom Sueter alikuwa seremala. David Harris, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, alikuwa mfinyanzi. John Small wa Petersfield alitengeneza magongo na mipira kwa mikono yake. Inasimuliwa kwamba Duke wa Dorset alimpelekea fidla kwa kuwa alipenda muziki, naye Small akajibu kwa kumpelekea magongo na mipira, na hata gharama ya usafirishaji akailipa mwenyewe. Fundi huyo hakutaka kubaki na deni la lodi.

Watu hao waliacha alama katika sheria za mchezo. Mnamo Septemba 1771 mpinzani aitwaye White aliingia uwanjani na gongo pana kama wiketi yenyewe, kiasi kwamba hapakuwa na mpira ungeweza kupita. Siku chache hazikupita kabla ya Hambledon kuandika azimio, likiwa na sahihi za Nyren na Small, kwamba upana wa gongo usizidi inchi nne na robo. Kipimo hicho kingali sheria hadi leo. Kisa cha pili ni cha London, mwaka 1775. Wakati huo wiketi ilikuwa na vijiti viwili tu vilivyosimama. Edward Stevens, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lumpy, alimrushia Small mpira uliopita katikati ya vijiti mara tatu bila kugusa chochote, na Small akabaki kucheza hadi timu yake ikashinda. Watu waliona kwamba mrushaji amedhulumiwa, na kijiti cha tatu kikaongezwa. Inafaa kuzingatiwa kwamba haki hiyo ilikuwa ya mpinzani, na aliyenufaika na dosari alikuwa Hambledon.

Juni 1777, huko Sevenoaks, kijiji kiliikabili timu ya Uingereza nzima. James Aylward alianza kupiga jioni ya Jumatano na hakutolewa hadi alasiri ya Ijumaa, akiwa na mikimbio 167. Hambledon ikapata 403 kwa zamu moja. Uingereza ikapata 166 na 69 kwa zamu mbili. Bila shaka si kijiji pekee kilichoshinda siku hiyo. Wachezaji walikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za Hampshire na hata nje yake, na nyuma yao zilikuwapo dau za mamia ya gini.

Fedha hizo ndizo zilizoijenga klabu, na ndizo zilizoiua. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 uwanja ulihamishwa kutoka Broadhalfpenny hadi Windmill Down, karibu zaidi na kijiji, kwa sababu wakubwa waliona mlima ule una upepo mkali. Kisha wakubwa wakahama kabisa. Earl wa Winchilsea, aliyekuwa mwanachama wa Hambledon, alikuwa miongoni mwa walioiasisi klabu ya Marylebone mwaka 1787, na Thomas Lord akawafungulia uwanja London. Wachezaji bora wakafuata malipo. Mafundi waliobaki hawakuwa wamepungukiwa na ustadi. Walikosa wa kulipia siku ya kazi iliyopotea. Agosti 1796 mtu fulani, bila shaka kwa mzaha, aliandika jina la Thomas Paine, mtetezi wa haki za binadamu aliyekuwa amehukumiwa Uingereza bila kuwapo, katika orodha ya waliohudhuria. Mwezi uliofuata waungwana hawakuja.

Mwaka 1833 John Nyren, mwana wa Richard, alitoa kumbukumbu zake kwa msaada wa Charles Cowden Clarke, aliyekuwa rafiki wa mshairi John Keats. Ni vigumu kupambanua sauti ya msimulizi na kalamu ya mhariri, na wataalamu wa masimulizi ya pwani wanaijua vyema taabu hiyo. Lakini uteuzi wa watu ni wa Nyren. Malodi hupita humo kwa haraka. Anaokawia nao ni seremala, mfinyanzi na mtengeneza magongo, kila mmoja na kimo chake, mwendo wake na namna yake ya kusimama mbele ya wiketi.