Maji Yapandayo Mlima: Teknolojia na Huduma ya Maji katika Uwanda wa Makonde tangu Miaka ya 1950

Msafiri atokaye pwani kwenda Masasi hupita Nanganga, katika bonde la Mto Lukuledi, mahali inapochepuka barabara ya Ruangwa. Hapo maji hayako mbali na makazi. Kusini-mashariki ya hapo unainuka Uwanda wa Makonde, penye Newala na Tandahimba, ambako mvua hunyesha ya kutosha lakini udongo wa kichanga huinywa yote, na chemchemi hutokea chini kabisa, mabondeni na kwenye miteremko. Historia ya huduma za jamii katika eneo hili ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kupandisha maji mlimani. Insha hii inatetea hoja kwamba kwa muda wa takriban miaka sabini mitambo haikuwa tatizo kuu la huduma hiyo. Lililokuwa gumu ni kupata, mwaka hadi mwaka, atakayelipia nguvu ya kuisukuma.

Inafaa kuuliza kwanza kwa nini watu walikaa mahali pasipo maji. Karl Weule, mwanaethnografia Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya asili ya Wamakonde: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikageuka mwanamke, walipokaa karibu na mto watoto wao walikufa, na walipopanda juu mtoto akaishi. Simulizi hiyo ina hekima ya afya ndani yake, kwa kuwa mabonde yalikuwa na homa na mbung'o. Msitu mnene wa juu, aidha, uliwakinga watu dhidi ya wavamizi na wafanyabiashara ya utumwa katika karne ya 19. Gharama ya usalama huo ililipwa na wanawake na wasichana, walioteremka na vyombo alfajiri na kupanda navyo jua likiwa kali. Kila mpango wa maji uliofuata ulianzia kwenye safari hiyo, hata pale ambapo nyaraka zake zilizungumzia mabomba tu.

Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Shirika la Maji la Makonde. Maji yalitolewa bonde la Kitangari, yakasukumwa kwa mitambo hadi kwenye matangi ya juu, kisha yakashuka kwa mabomba hadi kwenye vituo ambako yaliuzwa kwa debe. Kihandisi, jambo hilo lilikuwa kubwa kwa wilaya ya vijijini ya wakati ule, na lilikuja miaka michache tu baada ya mpango wa karanga wa Nachingwea, uliokuwa umeporomoka pamoja na matarajio yote ya reli na bandari ya Mtwara. Hata hivyo, shirika lilitarajiwa kujiendesha kwa mauzo, na hesabu hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Masika mtu huvuna maji ya mvua bure. Isitoshe, fedha za mkulima wa korosho huja kwa msimu, ilhali injini hudai mafuta kila siku.

Baada ya Uhuru, swali la malipo lilijibiwa kwa kuondolewa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilibeba gharama za uendeshaji wa maji vijijini, na mwaka 1971 ukazinduliwa mpango wa miaka 20 ulioahidi maji safi ndani ya mita 400 kutoka kila kaya ifikapo 1991. Wakati huohuo watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wengi wakajikuta mbali zaidi na chemchemi walizozizoea, wakiutegemea mtandao wa mabomba kuliko zamani. Ufini iliingia katika muongo huo, ikatayarisha mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi na kuufadhili hadi mapema miaka ya 1990. Pampu zake za mkono zilifaa visima vifupi vya mabondeni, penye maji karibu na uso wa ardhi. Juu ya uwanda hazikuwa na kazi. Huko ilibidi kurudi kwenye mtambo uleule na mlima uleule. Mgogoro wa uchumi ulipofika, dizeli na vipuri vikaadimika, na mwananchi aliyeahidiwa maji ya bure akawa na kilula kikavu. Kuona hapo ushahidi wa uzembe wa wanavijiji, kama ilivyozoeleka katika lugha ya miradi, ni kusahau kwamba hawakuwahi kukabidhiwa chochote cha kukiendesha.

Sera za maji za 1991 na 2002 zilirudisha wajibu wa kuchangia. Leo uwanda unahudumiwa na mamlaka ya maji ya Makonde yenye makao Newala, na Masasi na Nachingwea hupata maji ya chanzo cha Mbwinji kupitia mamlaka yao. Umeme unaozalishwa Mtwara kwa gesi asilia ya Mnazi Bay umezifikia Newala na Masasi. Ankara hulipwa kwa simu, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mitaani huitwa kontroli namba. Faida yake ni ya kweli: fedha haipiti mikononi mwa mkusanyaji, na mlipaji hafungi safari kwenda ofisini. Lakini mfumo huo hujua nani amelipa. Haujui kama bomba lake lilitoa maji wiki hiyo. Tena ankara ni ya kila mwezi, na korosho, hata baada ya stakabadhi ghalani kupeleka malipo benki, bado ni za msimu.

Juni 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, na Makonde imo. Kwa sasa, kaya yenye paa la bati na uwezo wa kununua saruji bado huchimba kisima cha mvua uani, hata pale dira ya maji inapokuwa imekwishafungwa ukutani.