Mji wa Mpira katika Nchi ya Wanariadha

Februari 1968, timu mbili za Waluo, Luo Union na Luo Stars, ziliacha kunyang'anyana wachezaji, zikaungana na kuitwa Gor Mahia. Miezi minane baadaye, kule Mexico City, Naftali Temu alishinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, naye Kipchoge Keino akamwacha Mmarekani Jim Ryun mbali kwenye mita 1,500. Kenya ilirudi kutoka Olimpiki hiyo na medali tisa, tatu za dhahabu. Gor Mahia nayo ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka uo huo, msimu wake wa kwanza kabisa.

Dunia ilishika habari ya Mexico, na hadi leo haijaiachilia. Mkenya akishuka uwanja wa ndege ng'ambo huulizwa kama anakimbia. Akijibu kwamba ametoka Kisumu, kwamba kwao watu hukosana na mashemeji kwa sababu ya mpira, mwenyeji wake huduwaa.

Nchi nyingine zilihangaika kuutafutia mpira wapenzi. Marekani ilibidi iandae Kombe la Dunia mwaka 1994 ndipo ianzishe ligi ya maana miaka miwili baadaye, maana besiboli na futiboli yao ya Kimarekani zilikuwa zimeshaziba kila nafasi. India bado kriketi inakula kila kitu. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kandanda ilikuwa na watu tangu mwanzo. Iliyoyakosa ni mambo mengine, na historia yake kando ya Ziwa Victoria yafaa isomwe hivyo.

Kisumu ilianza kama Port Florence, mwisho wa reli iliyofika ziwani Desemba 1901. Ulikuwa mji wa kikoloni uliopangwa kwa rangi, na michezo ikapangwa vivyo hivyo. Wazungu walikuwa na gofu na tenisi katika vilabu vyao. Wahindi na Wagoa walikuwa na kriketi na magongo, tena hawakuwa wachezaji wa kubahatisha: timu ya Kenya ya magongo, iliyojaa Masingasinga na Wagoa chini ya nahodha Avtar Singh Sohal, ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 1971 kule Barcelona. Mwafrika alibaki na mpira wa miguu, kwanza kwa sababu haukuhitaji nyasi za kumwagiliwa wala fimbo ya kuagiza Uingereza, na pili kwa sababu wamishonari waliupenda. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1906, iliufanya mpira kuwa sehemu ya malezi. Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyekuwa mwalimu mkuu pale kuanzia 1928 hadi 1940, aliupa mchezo uzito karibu sawa na hesabu. Vijana walitoka Maseno na Yala wakiwa makarani, walimu na wahudumu wa reli, na popote walipoajiriwa walikwenda na mpira wao.

Hapo ndipo Kaloleni inapoingia. Mtaa huu ulio karibu na katikati ya jiji la Kisumu ni wa zamani, wa Waislamu, Wanubi na Waluo waliochanganyika hadi Kiswahili na Dholuo vikawa vinakaa sebule moja. Ndipo ulipo Ukumbi wa Ofafa, uliojengwa kwa michango ya Luo Union kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Ukumbi huo husimuliwa zaidi kwa siasa, kwa kuwa Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Ker, yaani kiongozi mkuu, wa Luo Union na wazee wamekutana humo miaka nenda miaka rudi. Lakini mwenye kutaka kujua mpira wa ziwani ulisimama kwa miguu gani, aanzie hapo hapo.

Zaidi ya kuwa timu, Luo Union ilikuwa chama cha kusaidiana. Mtu akifa Nairobi, Mombasa au Kampala, chama ndicho kilichosafirisha maiti hadi nyumbani. Chini yake vilikuwapo vyama vya kila lokesheni, Gem, Alego, Asembo, Ugenya na nyinginezo, na karibu kila kimoja kilikuwa na timu. Mechi za lokesheni dhidi ya lokesheni zilikuwa mahali pa kuonana na watu wa kwenu, kupata habari za mashamba, kumtafutia kijana kazi au mke. Kwa maneno mengine, ofisi ya mpira na ofisi ya mazishi zilikuwa moja. Sijui mchezo mwingine wowote nchini uliowahi kuwa na mizizi ya namna hiyo. Riadha haikuwa nayo.

Nguvu hiyo ilizaa matunda haraka. Ligi ya taifa ilianza 1963, na mwaka uliofuata Luo Union ikawa bingwa. Baada ya kuungana na Luo Stars na kuzaa Gor Mahia, jina la Luo Union lilifufuka tena, likatwaa Kombe la Klabu Bingwa za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Kuanzia 1979 hadi 1985 kombe hilo halikutoka Kenya hata mwaka mmoja, likizunguka kati ya Gor Mahia na mahasimu wao Abaluhya, ambao baadaye waliitwa AFC Leopards. Kanda ya ziwa na majirani zake wa Magharibi walikuwa wameshika soka ya Afrika Mashariki nzima.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kujaza majukwaa, ingawa magazeti ya wakati huo hayakuiandika waziwazi. Tom Mboya, waziri na mwanasiasa Mluo, aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huo, ziara ya Rais Kenyatta Kisumu iliishia kwa risasi na maiti nje ya hospitali mpya, na chama cha Odinga cha KPU kikapigwa marufuku. Kwa miaka mingi baada ya hapo, uwanja wa mpira ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo umati wa Waluo ungeweza kukusanyika na kupaza sauti bila kibali. Serikali ililijua hilo. Mwaka 1980 Rais Moi alivifuta vyama vya kikabila na kuamuru timu ziache majina ya makabila. Luo Union ikawa Reunion na taratibu ikadidimia. Gor ilinusurika, kwa kuwa jina lake lilikuwa la mtu, yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, wa ukoo wa Ogalo, ambaye mashabiki bado wanamtaja wakisema K'Ogalo.

Mwaka 1987, Gor Mahia chini ya nahodha Austin Oduor ilitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, ikaja Nairobi ikatoka sare ya 1-1, na mabao ya ugenini yakaipa Kombe la Washindi Afrika. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara kabla ya hapo wala tangu hapo. Peter Dawo alifunga mabao kumi katika mashindano hayo. Baba wa familia yoyote Kaloleni aliyekuwa na redio mwaka ule atakusimulia mabao ya Tunis kana kwamba aliyapiga yeye.

Sasa tupande mlima, kwa wanariadha. Ukisimama Kisumu na kutazama kaskazini-mashariki, unaona ukingo wa Nandi umeinuka kama ukuta. Kisumu iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Iten, mji wa wakimbiaji, iko zaidi ya mita 2,400. Wataalamu hupenda kuueleza ushindi wa wakimbiaji wetu kwa hewa nyepesi ya huko juu. Mimi naona hewa ni nusu ya habari. Temu mwenyewe alikuwa Mgusii, mtu wa mkoa wa Nyanza wa wakati huo. Lakini alikuwa pia mwanajeshi, kama Wilson Kiprugut aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964. Keino alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi chuoni Kiganjo. Mkimbiaji wa Kenya alikuwa na sare, mshahara, chakula na muda wa kufanya mazoezi, vyote kutoka serikalini. Shule nazo zikafuata. Bruda Colm O'Connell alifika St Patrick's Iten mwaka 1976 na kuigeuza kiwanda cha mabingwa. Wakati huohuo timu kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ikiishi kwa kiingilio cha mlangoni na mifuko ya wanasiasa.

Utasema mpira huhitaji fedha zaidi. Haya, tutazame Ethiopia, majirani wenye milima kama yetu. Abebe Bikila alishinda marathoni bila viatu mwaka 1960, na mwaka 1962 nchi yake ikabeba Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya imecheza fainali hizo mara sita, 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, na haijavuka hatua ya makundi hata mara moja.

Michezo mingine ilijaribu kupenya. Mwaka 1996 Kenya iliifunga West Indies katika Kombe la Dunia la kriketi, na mwaka 2003 ikafika nusu fainali. Majina yalikuwa ya nyumbani, Odumbe, Tikolo, Odoyo, lakini hao walikuwa vijana waliokulia Nairobi karibu na viwanja vya Waasia, na Kisumu ilishangilia siku chache kisha ikarudi kwenye shughuli zake. Raga imefanikiwa zaidi: mashindano ya Dala Sevens ya Kisumu hujaza vijana na muziki kila mwaka. Wengi wao, ukweli usemwe, huja kwa muziki.

Pigo kwa mpira halikutoka kwa mchezo mwingine. Vyama vya kikabila vilipofutwa, mzigo ulichukuliwa na mashirika ya umma, na kandokando ya ziwa mashirika yalimaanisha sukari. Chemelil ilikuwa na timu. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Viwanda vilipoanza kudaiwa na wakulima na wafanyakazi, timu ndizo zilizokatwa kwanza. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa nayo ikajitoa kuidhamini ligi, na msimu huo mmoja ukauumiza vibaya ukanda huu: SoNy ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika mechi tatu, Chemelil ikashuka, na Kisumu All Stars, timu ya kaunti iliyokuwa imepanda mwaka uleule, ikashuka nayo.

Watoto waliendelea kucheza. Kwa vizazi viwili mpira wao ulikuwa wa juala: unakunja mifuko ya plastiki, unaifunga kwa kamba ya katani au nailoni kwa kuizungusha pande zote, unaikaza kwa meno, na ukishaloa matope unakuwa mzito kama jiwe. Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo, na mazingira yakanufaika. Hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa imefunga pia kiwanda kikubwa kuliko vyote cha mipira nchini. Siku hizi ni vitambaa na sponji za magodoro. Jumamosi jioni mbele ya vibanda vya kutazamia mpira vya Kaloleni ubao wa chaki huandikwa mechi za Uingereza, saa na bei, na walio ndani wanaijua benchi ya Arsenal kuliko kikosi cha Gor.

Uwanja wa kimataifa nao ukaja, ule wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, uliofunguliwa kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Gor imeendelea kunyakua mataji, la 21 mwaka 2024. Mwaka uliofuata ligi ilichukuliwa na Kenya Police, kwa mara ya kwanza katika historia yake: timu ya idara ileile iliyomlipa Keino mshahara, yenye wachezaji wanaopokea pesa zao mwisho wa mwezi, na mashabiki wanaotosha basi moja.