Mangungo Hakuwa Peke Yake: Riwaya Tatu za Kifantasia na Swali la Mkalimani

Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania anamfahamu Mangungo wa Msovero. Mwezi Novemba 1884, Carl Peters alimfikia huko Usagara akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Karatasi ile ilizungumzia urafiki wa milele, na humo humo ikatamka kwamba Mangungo anaitoa nchi yake pamoja na haki zake zote kwa jumuiya ya wakoloni wa Kijerumani. Mangungo akaweka alama yake. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya maeneo ya mikataba ya namna hiyo. Tangu hapo jina lake limegeuka tusi la kisiasa: kiongozi akitiliwa shaka kwamba amesaini mkataba mbovu, wananchi humwita Mangungo.

Lipo hata hivyo swali ambalo madarasa yetu hayaliulizi. Peters hakukijua Kisagara, na Mangungo hakukijua Kijerumani. Kati yao alisimama mkalimani. Je, alisema nini? Alilitafsirije neno la Kijerumani lililomaanisha kuuza, kukabidhi au kutoa? Na aliyamezea maneno gani? Tumemcheka Mangungo kwa vizazi kadhaa bila kumgeukia mtu wa katikati, ambaye pasipo yeye karatasi ile isingekuwa mkataba hata wa uongo.

Nimeirejelea habari hii kwa sababu swali la mtu wa katikati limeulizwa kwa ukali katika miaka ya karibuni mahali ambapo wasomi wetu wengi hawaendi kutafuta historia, nako ni katika riwaya za kisayansi na za kifantasia. Tumezoea kuziona kuwa burudani za vijana, hadithi za vyombo vya angani na mazimwi. Kasumba hiyo inatupunja. Nitazijadili riwaya tatu, zote zimeandikwa kwa Kiingereza na wanawake waliobobea katika taaluma, kisha nitaeleza kwa nini zinatuhusu.

Fedha na maneno

Ya kwanza ni *Babel* ya R. F. Kuang, mzaliwa wa Guangzhou, iliyotoka mwaka 2022. Mandhari yake ni Oxford ya miaka ya 1830, ila ni Oxford yenye ajabu moja. Ukichonga juu ya kipande cha fedha neno la lugha moja na tafsiri yake katika lugha nyingine, ile maana inayopotea baina ya maneno hayo mawili hugeuka nguvu. Nguvu hiyo huendesha meli, huimarisha madaraja na huelekeza risasi. Sharti lake ni kwamba anayelitamka neno awe anaziishi lugha zote mbili. Kwa kuwa lugha za Ulaya zimekaribiana mno na nguvu yake imefifia, dola inahitaji watoto wa Canton, wa Calcutta na wa Haiti. Inawaleta, inawalisha, inawavika majoho, na inawafundisha kuzitumia lugha za mama zao dhidi ya nchi za mama zao.

Uzito wa kitabu umo katika historia halisi iliyo chini ya ajabu hiyo. Uingereza ilinunua chai ya China kwa fedha, na ili kuirudisha fedha hiyo wafanyabiashara wake wakaingiza China kasumba iliyolimwa India. Mwaka 1839 afisa Lin Zexu aliteketeza shehena kubwa ya kasumba huko Humen, na Uingereza ikajibu kwa vita. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliipa Uingereza Hong Kong pamoja na fidia ya dola za fedha milioni 21. Kuang hahitaji kuuzua uovu wowote. Anachofanya ni kukupa fedha na maneno mwili mmoja, ili msomaji aone kwa macho kwamba tafsiri ilikuwa zana ya dola sawa na mzinga.

Kitabu hakikosi dosari. Nusu yake ya pili inahubiri kupita kiasi, na mara nyingi vijana wa 1838 wanazungumza kama wanaharakati wa leo. Wahusika Waingereza, isipokuwa wachache, wamechorwa kwa mstari mmoja. Hata hivyo swali lake kuu halikwepeki: ikiwa dola haiwezi kwenda bila wafasiri wake, nini hutokea siku wafasiri wakigoma? Msomaji wa Kiswahili analijua swali hilo kwa njia yake. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa na kukubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Lugha tunayojivunia leo ilipitia meza ya watawala. Haikuwa mali yao kwa sababu hiyo, lakini ni vyema tukajua ilipita wapi.

Kuipenda dola inayokumeza

Ya pili ni *A Memory Called Empire* ya Arkady Martine, iliyotoka mwaka 2019 na kushinda Tuzo ya Hugo ya riwaya bora mwaka 2020. Martine ni mtafiti wa historia ya dola ya Bizanti na mipaka yake na Armenia, na utafiti huo umeingia kitabuni ukiwa umevaa mavazi ya anga za juu. Balozi kijana, Mahit Dzmare, anatumwa kutoka kituo kidogo cha angani kwenda makao makuu ya dola kubwa ya Teixcalaan. Nchi yake haina jeshi la kuizuia dola hiyo. Silaha yake ni kumbukumbu: kifaa kilichopandikizwa kichwani kinachohifadhi maarifa na nafsi ya balozi aliyemtangulia.

Jeraha la Mahit ni kwamba anaipenda Teixcalaan. Tangu utotoni amekariri mashairi yake. Anaota kwa lugha yake. Na anajua kwamba hata akiyatunga vizuri kuliko wenyeji, wao watamwona mshenzi aliyefundishika. Nimesoma nadharia nyingi za ukoloni wa fikra, na sikumbuki maelezo yaliyoifikia hali hii kwa upole na ukatili wa namna hii. Njama za ikulu katika sehemu ya kwanza zinakwenda polepole, na atakayetafuta vita vya angani ataondoka mikono mitupu. Lakini mtumishi wa umma atakisoma kwa faida maalumu. Ofisi isiyo na kumbukumbu za waliotangulia huingia kwenye meza ya majadiliano kama yatima, na upande wa pili hulitambua jambo hilo kabla ya chai kuletwa.

Zambia, mwezi na bwawa

Ya tatu ni *The Old Drift* ya Namwali Serpell wa Zambia, nayo ya mwaka 2019, iliyoshinda Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020. Inaanzia kwa wazungu waliopiga kambi karibu na maporomoko ya Mto Zambezi, inafuata familia tatu kwa zaidi ya karne moja, kisha inaingia katika siku zijazo. Wasimulizi wa pembeni ni kundi la mbu, wanaowacheka wanadamu wote bila upendeleo.

Humo yumo mtu wa kweli, Edward Mukuka Nkoloso, mwalimu na mpigania uhuru ambaye mwaka 1964 alitangaza kwamba Zambia itampeleka msichana Matha Mwamba angani, akawafunza vijana wake kwa kuwabingirisha ndani ya pipa. Waandishi wa habari wa kigeni walimcheka. Serpell, aliyemfanyia uchunguzi wa muda mrefu, ametufungulia uwezekano kwamba huenda mcheko ulikuwa wa Nkoloso mwenyewe, akiwadhihaki mabwana waliodhani anga ni mali yao. Limo pia bwawa la Kariba, ambalo ujenzi wake katika miaka ya 1950 uliwahamisha Watonga wapatao 57,000 wa kingo zote mbili za Zambezi ili umeme uende migodini na mijini. Na katika sehemu ya siku zijazo raia wanapewa bure kifaa kinachopandikizwa mkononi badala ya simu. Msomaji mwerevu ataanza kuuliza mapema nani hutoa vitu bure, na kwa nini.

Ni kitabu kirefu, na sehemu hiyo ya mwisho imekimbizwa kana kwamba mwandishi aliogopa muda kumwishia. Pamoja na hayo, sijui riwaya nyingine ya kusini mwa Afrika inayoonesha kwa ufasaha namna hii kwamba bwawa, chanjo na simu vyote ni mambo ya kisiasa kabla ya kuwa mambo ya kiufundi.

Karani anayekisia

Kuna mkasa mmoja uliozifanya hoja za Kuang zitoke kitabuni na kuingia duniani. Tuzo ya Hugo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la kimataifa la wapenzi wa fasihi hii, ambalo mwaka 2023 lilifanyika Chengdu, China. *Babel*, iliyokuwa imeshinda Tuzo ya Nebula mwaka huo huo, haikuonekana katika orodha ya wagombea. Takwimu za kura zilipotolewa Januari 2024, ilibainika kwamba ilikuwa na mapendekezo ya kutosha, ila iliandikiwa kwamba haina sifa, bila maelezo yoyote. Mwezi uliofuata zikavuja barua pepe za wasimamizi. Zilionesha kwamba baadhi yao, wakazi wa Amerika Kaskazini, walikuwa wamewapekua waandishi na kuandika taarifa kuhusu lolote walilodhani lingewaudhi wakubwa wa China.

Zingatieni neno hilo: walilodhani. Barua hizo zinatuonesha watu wa kujitolea, wakiwa nyumbani kwao, wakikisia hofu ya mtu mwingine na kuitekeleza kwa niaba yake. Hivyo ndivyo udhibiti unavyofanya kazi mara nyingi zaidi kuliko tunavyokubali. Waziri hana haja ya kupiga simu ikiwa mhariri ameshakata aya, mhadhiri ameshaondoa mada kwenye muhtasari, na ofisa ameshaizuia ripoti mezani kwake kwa hoja kwamba wakati haufai. Riwaya iliyohusu wasomi wanaoitumikia dola kwa hiari iliondolewa na wasomi walioitumikia dola kwa hiari, na dola yenyewe haikuwa hata yao.

Makarani wetu wawili

Sisi wenye Kiswahili hatuhitaji kuazima fasihi hii. Shaaban Robert aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, katika idara ya forodha. Alikuwa karani, mtu wa katikati kwa maana kamili. Mwaka 1951 akatoa *Kusadikika*, hadithi ya nchi iliyo angani ambako Karama anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kuwasimulia watawala habari za wajumbe sita waliorudi na mawazo ya kuijenga nchi wakaishia gerezani. Serikali iliyomlipa mshahara ilikuwa chini, ardhini. Mashtaka dhidi yake aliyaandikia angani.

Katama Mkangi naye alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Mwaka 1995 alichapisha *Walenisi*, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, anajifunza kukiongoza, na anafika sayari yenye jamii ya haki. Jina la sayari hiyo ukilitenganisha linasomeka: wale ni sisi. Hiyo ni riwaya ya kisayansi ya Kiswahili iliyotangulia vitabu vyote vitatu nilivyovitaja, na ni wanafunzi wangapi wameisikia?

Kwa hiyo ninawaomba wanafunzi wazisome riwaya hizi kama sehemu ya historia, wakianza na zile za nyumbani. Wanaharakati nawaomba wajifunze humo kwamba mamlaka husimama juu ya mikono mingi midogo, na kwamba mikono hiyo inaweza kusita. Na watumishi wa umma, ambao najua mnasoma hapa kimyakimya: mkataba ujao utakapoletwa, pengine katika lugha isiyoeleweka na wale utakaowafunga, ninyi ndio mtakaoombwa kuufupisha, kuutafsiri na kuuwekea barua ya juu. Jina litakalotukanwa baadaye litakuwa la Mangungo. Historia haijatuhifadhia maneno ya mkalimani wa Msovero. Ya kwenu yatabaki katika majalada.