Kiti cha Unguja na Wanawake Waliokikalia

Hapa chini ya Mlima Meru, ukimuuliza kijana habari za utawala wa jadi atakutajia Mangi, ukoo wa Kaaya, pengine na washili wa koo nyingine. Majina yote ya kiume. Lakini kiti cha Unguja, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Mwinyi Mkuu, kilikaliwa na wanawake waliotawala kwa haki yao wenyewe.

Mwana Mwema alikuwa malkia mwaka 1652, Waomani walipowashambulia Wareno kisiwani. Alisimama na Waomani. Wareno wakarudi kulipiza kisasi chini ya kamanda wao Cabreira, naye akafukuzwa pamoja na mwanawe, mtawala wa Utondwe katika pwani ya bara. Ujamaa wa nyumba hiyo ulivuka bahari: jambo la Unguja lilikuwa pia jambo la Utondwe.

Baadaye mtawala Yusuf alipofariki, kisiwa kiligawanywa kwa wanawe wawili. Bakari alitawala kusini, makao yake Kizimkazi. Binti, Fatuma, akachukua upande wa mjini. Aliolewa na Abdullah wa Utondwe, na undugu wa zamani ukapata nguvu mpya. Lakini kaka na dada kugawana nchi si jambo dogo, nami naona hapo ndipo udhaifu wa kiti ulipoanzia.

Fatuma alichagua kinyume cha Mwana Mwema. Ngome ya Mombasa ilipozingirwa na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, aliwapelekea Wareno vyakula. Ngome ilipoanguka alichukuliwa Oman, akakaa uhamishoni miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Mwanawe Hasan ndiye aliyemrithi. Wapo wanaomhukumu Fatuma kwa kuchagua upande ulioshindwa. Mimi namheshimu: alishikamana na washirika wake kwa gharama kubwa.

Chini ya Masultani wa Oman, kiti kilibakiwa na heshima na kodi ya wenyeji. Muhammad bin Ahmed, Mwinyi Mkuu aliyejenga jumba la Dunga, alifariki 1865; mwanawe Ahmed akafariki 1873 na ukoo ukakoma kutawala.

Nasi tuwakumbuke wanawake wetu: wazee wetu wa Meru bado wapo. Vijana, waulizeni sasa mama na dada za Mamangi walikuwa akina nani, waliolewa koo zipi, na muyaandike majina yao.