Kupiga Windows Kwenye Kompyuta ya Mtumba

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi. Si ajabu kwamba mlango ulipofunguliwa, wengi walianzia kwenye mtumba.

Mashine iliyofika Magoma, chini ya milima ya Usambara, au iliyopanda hadi Lushoto, mara nyingi ilikuwa imeshachoka katika ofisi za mbali. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa mdogo: betri ya CR2032, bapa kama kitufe, kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Ikiisha, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, baiosi, programu ya kuiwasha mashine, inasahau mipangilio, na wakati mwingine skrini nyeusi inadai hakuna diski ya kuwakia. Fundi asiyeijua betri hiyo atapiga Windows upya bure, na mteja atalipa.

Na kupiga Windows kwenyewe hakukuwa rahisi: Windows 95 iliuzwa pia kwa disketi 13. Moja ikiharibika, usakinishaji unakwama njiani. Sidii zikapunguza adha. Ubuntu, mfumo endeshi huria ulioanza mwaka 2004, ilituma zake kwa posta bila malipo hadi 2011. Lakini matoleo yake ya 2012 yakagoma kwenye baadhi ya laptopu za Pentium M, kwa kuwa prosesa zake hazikutangaza PAE, uwezo wa kutumia kumbukumbu kubwa zaidi.

Hata Windows XP, kipenzi cha mafundi, iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014.

Mwenye mashine kongwe isiyowaka aanze na betri kabla hajafuta chochote.